Pima mtoto kwanza, mbao baadaye

Mimi ni fundi seremala, Mbagala. Vitanda, makabati, milango ya mninga kwa mwenye hela na ya paina kwa mwenzangu na mimi. Natanguliza hilo usije ukadhani unasoma maneno ya daktari. Ni maneno ya baba wa mtoto wa miaka 5 mwenye mtindio wa ubongo, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu kumlea niliyajua nikiwa nimeshika futikamba.

Tulimpa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani anaitwa Babu. Mama yake akitaka kunichokoza huniita Baba Babu, na wateja wameshalidaka.

Babu alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, na hakulia. Wakampulizia hewa, wakamlaza na mipira puani, siku ya tatu akapata degedege. Wiki mbili baadaye tukaruhusiwa, tukaambiwa mtoto anaendelea vizuri, tuhudhurie kliniki ya kupima uzito kama wengine. Hakuna aliyetuambia tutazame nini, kwa hiyo nakuambia mimi. Shingo haijakaza na mtoto ana miezi 4. Ngumi zimefungwa muda wote, dole gumba limejificha ndani. Ukimnyanyua kwa makwapa, miguu inapishana kama mkasi na vidole vinachongoka chini. Ananyonya dakika 40 na bado analia njaa. Au anatumia mkono mmoja tu hata mwaka haujafika. Mtoto mchanga hachagui mkono mapema hivyo, akichagua ujue ule mwingine una tatizo. Ukiyaona mawili matatu kati ya hayo, mpeleke akaangaliwe, na usikubali kurudishwa na maneno "watoto wa kiume huchelewa". Sisi tulirudishwa na maneno hayo hayo mpaka Babu akafika miezi 11.

Mtindio ni hivi: ubongo huumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda si mrefu baadaye: mtoto kukosa hewa, kuzaliwa njiti, manjano makali yasiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Halafu jeraha linabaki pale pale, haliongezeki. Mtindio hauambukizi, na si mkosi wa mtu. Kuna watoto wanaokakamaa, kuna wanaolegea kama kitambaa, kuna ambao mikono na uso vinajinyonga vyenyewe bila amri yao. Babu ni wa kukakamaa, kwa hiyo mengi hapa ni ya watoto wa namna yake. Wako akiwa mlegevu, vipimo vya kiti vitakufaa, ila mengine muulize mtaalamu wako wa mazoezi.

Sasa, kama jeraha haliongezeki, mbona watoto wengine wanazidi kupinda kadiri wanavyokua? Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu jibu nilikuwa nalo karakana. Mbao mbichi ukiiegemeza ukutani ovyo, inakauka na upinde wake. Baadaye hata ulete randa gani, umechelewa. Ukiipanga sawa tangu mbichi, ukaipachikia vijiti kila baada ya hatua, inakauka imenyooka. Misuli inayovuta saa 24 upande mmoja inamfanya mtoto hivyo hivyo. Ubongo sina uwezo nao. Namna anavyolala, anavyobebwa na anavyokaa, huo uwezo ninao, na unao wewe pia.

Dada wa mazoezi ya viungo kule CCBRT, hospitali iliyopo Msasani, alitueleza jambo moja ambalo hadi leo nalipigia hesabu: kliniki atakuwa na mtoto nusu saa, mara moja kwa wiki mbili. Saa nyingine zote ni zetu.

Kulala na kubebwa

Miezi 11 tulimlaza chali, kwa sababu ndivyo mtoto anavyolazwa. Akilala chali kichwa kinasukuma nyuma, mgongo unapinda kama upinde wa mshale, mikono inafunguka pembeni na haiwezi kukutana. Mtoto asiyeona mikono yake hajui kama anayo.

Mlaze ubavu. Mgongo uwe na kitu cha kuegemea, sisi tulitumia mto mrefu ulioshonwa kwa khanga kuukuu na kujazwa vitambaa. Mguu wa juu ukunje goti, weka kimto kati ya magoti. Kichwa kiwe na mto mdogo usiozidi upana wa bega. Mikono yote miwili sasa ipo mbele ya uso wake. Mpe kitu cha kushika. Siku ya kwanza Babu alipokutanisha mikono aliitazama kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. Baada ya saa moja hivi, mgeuze ubavu wa pili.

Kila siku mlaze kifudifudi kidogo pia, akiwa macho na wewe ukiwa karibu. Viringisha khanga mbili, ziweke chini ya kifua, mikono ipite mbele. Hapo ndipo shingo inapojifunza kazi. Anza na dakika 2, atalia, msifie, mtoe. Usishindane naye mpaka achukie.

Kubeba: mbeleko ya bibi zetu ni dawa. Mtoto akiwa mgongoni mapaja yametanuka, magoti yamekunjwa, nyonga zimekaa mahali pake. Usimbane miguu ikanyooka pamoja ndani ya khanga. Akiwa mzito kwa mgongo, mbebe kiunoni, miguu imekupanda huku na huku. Kinachoharibu ni kumbeba kama gogo la kuni, amenyooka mikononi, kichwa kimening'inia.

Na kabla hujamnyanyua, sema. "Babu, nakuinua." Hawa watoto hushtuka haraka, na mshtuko mmoja unakakamaza mwili mzima. Nikiwasha msumeno wa umeme bila kumwambia anaruka hadi miguu inapishana. Nikimwambia kwanza, anacheka.

Kiti

Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia, ndiyo kazi yangu.

Kiti cha kwanza nilikitengeneza kwa furaha. Mninga, msasa mara tatu, vanishi mbili, kila aliyepita karakana alikisifia. Nikampakia Babu, baada ya dakika 5 ameteleza amelala nusu, makalio ukingoni, kidevu kifuani. Nikaongeza mkanda. Akateleza chini ya mkanda, ukaja ukamkaa shingoni. Nikakibeba kwenye daladala mpaka Msasani, konda akinidai nauli ya mzigo. Dada wa mazoezi hakukisifia hata kidogo. Alipitisha vidole nyuma ya goti la Babu, havikupita. "Baba, kiti ni kirefu kuliko paja." Nilikuwa nimepima kiti, sikumpima mtoto.

Vipimo ni hivi. Mkalishe mapajani kwa mtu, nyonga imekunjwa kona mraba, goti kona mraba, kifundo kona mraba. Kisha pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili: hicho ndicho kina cha kiti. Babu wakati huo, miezi 18, alikuwa na sentimita 21, nikakata 18. Pima nyuma ya goti hadi kisigino: hicho ni kimo kutoka kiti hadi ubao wa kukanyagia, akiwa na viatu anavyovaa. Ubao huo usiuache. Mtoto mwenye miguu inayoning'inia hawezi kutulia, hata wewe panda stuli ndefu ya baa uone. Pima upana wa nyonga, ongeza kidole kimoja kila upande, basi. Kiti kipana kinamlaza upande. Egemeo lifike mabegani kama shingo imekaza, lifike kisogoni kama haijakaza. Pima kutoka kwenye kiti hadi kiwiko: hapo ndipo meza yake ya mbele inapokaa, na meza iwe na nafasi ya tumbo, iliyokatwa nusu duara, ili viwiko viegemee.

Mkanda unapita kwenye mkunjo wa nyonga, si tumboni. Ufunge pale kiti kinapokutana na egemeo, ukija mbele kwa nusu ya kona mraba. Ukiufunga juu zaidi atateleza kama Babu.

Halafu kuna kigingi cha katikati, kile cha kutenganisha magoti. Mafundi wengi tunakiweka kinenani tukidhani kinamzuia asiteleze. Kitamuumiza. Kikae kati ya magoti, kizungushiwe sponji, upana wake uwe wa kutosha kuzuia miguu isipishane. Kuteleza kunazuiwa na kina sahihi na mkanda, basi.

Kama huna mbao wala fundi, tumia maboksi. Ufundi huu wa kutengeneza samani kwa maboksi na gundi ya unga ulianzia Zimbabwe, na nimeuona kwa macho yangu, mwanzoni niliudharau. Pika unga wa ngano na maji mpaka uwe kama uji mzito. Kata vipande vya boksi, pakaa gundi, bandika tabaka 5 au 6, kila tabaka mistari yake ikatize ya tabaka la chini, kama wafanyavyo kwenye plaiwudi. Weka matofali juu usiku mzima. Kesho yake kata umbo, unganisha kwa vipande vya karatasi na gundi ile ile, anika mpaka ikauke kweli kweli, siku kadhaa za jua. Paka rangi ya mafuta isinyonye mate wala mkojo. Nilikikalia cha kwanza, kilo 78, hakikulia.

Rahisi kuliko vyote ni kiti cha kona: mbao mbili zimekutana kona mraba, mtoto anakaa katikati, mabega yanasukumwa mbele yenyewe. Kwa anayerusha kichwa nyuma, kinasaidia sana. Kikiwa hakina miguu anakaa chini mkekani na wenzake, miguu imenyooka mbele. Magoti yakigoma kunyooka na mgongo ukaumuka kama nundu, basi mwinue kidogo akae juu ya kijibao.

Kiti kizuri nacho si jela. Nusu saa, saa moja, kisha mbadilishe. Na ukimtoa kagua ngozi: alama nyekundu isiyofifia baada ya dakika kumi na tano maana yake pana mahali panamgandamiza, rudi karakana.

Kusimama ni hivyo hivyo, hata kwa mtoto asiyetembea. Kuanzia mwaka mmoja hivi, kwa ushauri wa mtaalamu, wanasimamishwa kwenye fremu: ubao unaomwegemeza kifua mbele, mkanda kwenye makalio, kizuizi kwenye magoti, nyayo zote chini, miguu imetanuliwa kidogo. Uzito ukipita kwenye mifupa unaiimarisha. Babu alianza dakika 5 za kilio, sasa anasimama dakika 40 akitazama katuni. Hii usiitengeneze kwa kukisia kama nilivyofanya kiti. Na nyonga zenyewe ombeni zipigwe picha ya eksirei mara kwa mara, kwa sababu kwa watoto wanaokakamaa huchomoka polepole bila kelele, na mzazi anaanza kujua mtoto akilia kila anapobadilishwa nepi.

Kulisha

Akiwa na mwaka mmoja Babu alikuwa na kilo 6. Alishalazwa mara tatu kwa nimonia. Tulidhani ana kifua kibovu. Kumbe tulikuwa tunamwagia uji mapafuni.

Tulimlisha kama wengi wanavyolisha: amelala mapajani kwa mama yake, uso juu, uji mwepesi kwa kikombe ili upite haraka. Nimeona hata bibi wanaombana mtoto pua ili afungue mdomo. Jaribu mwenyewe sasa hivi. Tazama dari, acha mdomo wazi, kisha meza mate. Umeona? Sasa fikiria huna uwezo wa kushusha kichwa, na mtu anamimina.

Kaa naye ana kwa ana, yeye kwenye kiti chake, wewe macho yako usawa wa macho yake au chini kidogo. Ukisimama atatazama juu, na kichwa kitarudi nyuma. Kidevu kiingie ndani kidogo. Kama taya linacheza, kaa ubavuni mwake ushikilie: kidole cha kati chini ya kidevu, cha shahada kati ya mdomo na kidevu, gumba shavuni. Unashikilia, hubani.

Kijiko kiwe kidogo, bapa, cha plastiki ngumu kama ana tabia ya kung'ata. Kilete kutoka mbele, kutokea chini. Gandamiza ulimi kidogo katikati, subiri midomo ifunge yenyewe, toa kijiko moja kwa moja. Usikikwangue kwenye meno ya juu. Ukikwangua unaturudisha kule kule, kichwa kinakwenda nyuma. Kisha ngoja ameze. Wakati mwingine anameza mara mbili kwa kijiko kimoja. Mama yake alikuwa anahesabu vijiko, sasa anahesabu mmezo.

Chakula kiwe kizito na laini, cha aina moja. Uji mzito wenye karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini na kijiko cha mafuta. Ndizi au viazi vilivyopondwa na unga wa dagaa. Parachichi. Kibaya zaidi ni supu yenye vipande, maana mdomo unatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Karanga nzima na popkoni visikaribie.

Maji ndiyo magumu kuliko vyote, yanakimbia kabla koo halijajiandaa. Sisi huyapa uzito kwa uji kidogo au ndizi iliyopondwa. Na kikombe chake nilikikata: chukua kikombe cha plastiki laini, kata nusu mwezi upande mmoja, piga msasa mpaka kingo ziwe laini. Anywe upande usiokatwa, pua yake iingie kwenye pengo. Kwa namna hiyo kikombe kinainama bila kichwa kuinuka. Sijawahi kutengeneza kitu cha bei ndogo kikafanya kazi kubwa kama hicho.

Nusu saa inatosha kwa mlo mmoja. Baada ya hapo anatumia nguvu kuliko anazopata. Mpe mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Akimaliza abaki wima nusu saa nyingine.

Akikohoa kila kijiko, macho yakijaa machozi, sauti ikawa ya majimaji kama anayegugumia, au akiugua kifua kila mara, mrudishe hospitali umweleze daktari habari ya kumeza, siyo ya kifua tu. Kuna watoto ambao chakula kinapita njia mbaya bila hata kikohozi. Kama uzito unagoma kabisa kuna njia ya mpira wa tumboni. Tuliogopa tuliposikia, haikufika huko. Kwa Babu kiti, kijiko na uji mzito vilitosha: ndani ya mwaka alifika kilo 9 na nusu, na tangu hapo hajalazwa kwa nimonia.

Choo kigumu ni ndugu wa hayo yote. Papai, maji ya kutosha, mboga zilizopondwa, na kiti chenye tundu ambapo anakaa miguu imekanyaga, mwili umeinama mbele. Nimetengeneza vinne hadi sasa, viwili vya watu wengine. Meno piga mswaki kama ya mtoto yeyote, ameketi, dawa kiasi cha punje ya mchele kwa walio chini ya miaka 3.

Mazoezi yasiyoitwa mazoezi

Mwanzoni tulitenga saa nzima ya mazoezi, jioni, mtoto analia, mama analia, mimi natoka nje. Tuliacha. Sasa yamo ndani ya kazi za kila siku.

Kubadilisha nepi: usimvute vifundo vya miguu, vitakakamaa zaidi. Kunja magoti kwanza, yazungushe polepole kushoto na kulia, misuli italegea, kisha tenganisha kwa kushika mapaja. Shati: mkono mgumu huanza kuvaa, na huwa wa mwisho kuvua. Kuoga: maji ya vuguvugu, taulo lililoviringishwa nyuma ya shingo ndani ya beseni, na humo humo nyoosha kifundo, vuta nyayo juu polepole, shikilia huku ukihesabu hadi 30. Ukisukuma kwa nguvu misuli inajibu kwa nguvu, na mifupa ya watoto wasiosimama ni dhaifu. Ngumi iliyokaza usiifungue kwa kuvuta vidole. Kunja kiganja ndani kwanza, vidole vitaachia vyenyewe.

Babu ana pia magamba ya plastiki ya kushikilia vifundo, anavaa ndani ya viatu. Akikua yanambana, kwa hiyo tazama wekundu kila jioni.

Degedege na wauza miujiza

Baadhi ya watoto hawa, tena si wachache, wana kifafa pia. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimwagie maji. Ikipita dakika 5 bila kuacha, hospitali. Dawa alizoandikiwa usizikatishe ghafla kwa sababu amekaa miezi miwili bila kuanguka. Ameacha kuanguka kwa sababu ya dawa.

Mama mkwe alitaka Babu afukizwe kinyesi cha tembo, ndiyo dawa ya degedege waliyoijua tangu zamani. Sikugombana naye. Dua asome, na anasoma. Moshi nilikataa: mapafu yale yameshapata tabu ya kutosha. Nilichofanya ni kumfundisha kutumia kikombe kilichokatwa, na sasa hakuna anayemlisha Babu vizuri kama bibi yake.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka wa pili nilitoa shilingi 180,000 kwa mtu wa dawa za matone "za kufungua mishipa ya ubongo". Zilikuwa na harufu ya tangawizi. Hakuna dawa inayorudisha ubongo ulioumia. Zipo za hospitali za kulegeza misuli, nazo ni kwa daktari anayemjua mtoto.

Yumo ndani

Jina letu hili, mtindio wa ubongo, limetuponza. Watu wanasikia "ubongo" wanajua hamnazo. Wapo watoto wenye ugumu wa kujifunza, na wapo wanaoelewa kila kitu ila mdomo na mikono havitii. Hutajua wako ni yupi mpaka umpe njia ya kujibu. Kwanza wapimwe macho na masikio. Makengeza ni ya kawaida kwao, na wengine hawasikii vizuri, nasi tunasema "haelewi".

Anza na vitu viwili. Kikombe mkono huu, mpira mkono ule, uvitenganishe. "Unataka kipi?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, hata kumi na tano. Kunyamaza ndiko kugumu, sisi wazazi tunajibia. Macho yakituama upande mmoja, mpe hicho hata kama umekosea kusoma, ajifunze kuwa macho yake yana kazi.

Mimi ni Yanga, mama yake Simba. Siku moja nikaleta jezi mbili. Akanitazama, akatazama nyekundu, akanitazama tena usoni aone nimeumia kiasi gani, akacheka mpaka mate yakamwagika. Tangu siku hiyo hakuna atakayeniambia hana akili. Hana adabu, hilo nakubali.

Nyumba nzima

Kwenye benchi la kliniki mara nyingi naona kina mama kumi na wanane na baba mmoja, mimi. Wengine waume zao wameondoka, wengine wapo ila "kazini". Kaka yangu unayesoma hapa: mgongo wa mama unaisha. Mtoto wa kilo 15 anayekakamaa ni mzito kuliko gunia la kilo 15. Mnyanyue kwa kukunja magoti yako, mwili wake ukiwa karibu na kifua chako, na mgawane zamu. Mama Babu aliacha biashara ya vitumbua miaka miwili. Alirudi siku nilipoweka kiti cha Babu karakana, pembeni ya benchi, mbali na vumbi la msumeno, na mimi kuwa wa zamu ya asubuhi. Na kama una watoto wengine, waache wamlishe, wambebe, wagombane naye. Dada yake humnyang'anya biskuti. Nafurahi kimya kimya.

Januari tunamwandikisha awali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, lakini sheria haipimi milango, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe na futikamba, na nakushauri uende kabla ya siku ya kwanza. Mlango wa darasa sentimita 84, kiti mwendo chake 56, kinapita. Mlango wa choo 68, kinapita kwa kubembeleza. Meza yao ni fupi kuliko mapaja yake akiwa kitini, nitampelekea ile yake ya nusu duara. Tatizo ni ngazi moja ya kuingilia darasani, kimo chake sentimita 18. Mteremko wa kiti mwendo unataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kumi na nane mara kumi na mbili ni 216. Mwalimu mkuu amekubali, ubao wa mkongo ninao, umekauka sawa.